Fundi wa Jino la Kusemea

Kabla hajakutazama usoni alikuwa amekwisha kukutazama mdomoni. Ukikutana naye njiani pale mtaa wa Nyakasanza, ukamwamkia "Jambo, Papa Fundi," macho yake yanashuka kwenye midomo yako, yanasubiri uonyeshe meno, kisha ndipo anaitika. Kwenye harusi hakujua gauni la bibi harusi lilikuwa la namna gani. Kwenye msiba mmoja wa mtaani, Mungu anisamehe kwa kucheka, aliinama juu ya jeneza la mzee fulani akakaa pale muda mrefu kuliko hata ndugu wa marehemu, na alipotoka akaninong'oneza kwamba ile kofia aliyomwekea bado ilikuwa imeshika vizuri.

Kofia ndilo neno lake. Waliosoma sana hapa Bunia wanasema couronne, kwa Kifaransa, lakini yeye alisema kofia na wateja wake wote wakasema kofia. Jino lililovunjika au lililooza linachongwa hadi linabaki kisiki, kisha kisiki kinavishwa kofia ngumu yenye umbo la jino zima. Hiyo ndiyo kazi niliyomwona akiifanya miaka yote niliyomjua, katika chumba cha mbele cha nyumba yake, chenye kiti kimoja cha chuma, dirisha moja, na karai la maji. Alijifunza kwa wamisionari, lakini ukimwita Dokta alikasirika.

"Miye hapana dokta. Miye iko fundi. Dokta anakuambia ugonjwa yako. Fundi anakurudishia kitu yako."

Jino langu la mbele, la juu, upande wa kulia, ni kazi ya mikono yake. Ndilo ninalosemea, na kusema ndiko kunakonilisha: nasoma matangazo kwenye redio moja ya hapa mjini, ya vifo, ya mikutano ya wazazi, ya mbuzi waliopotea. Mwaka huu jino hilo lilitaka kutengenezwa upya. Na kabla ya hapo mikono ya Fundi ilikuwa imekwisha kushika kutetemeka. Watu wote waliomheshimu waliona, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kumwambia. Katika waoga hao mimi nilikuwa wa kwanza.

Mara ya kwanza nilimfikia nikiwa nimefunika mdomo kwa kitambaa. Pikipiki ilikuwa imeteleza na mimi kwenye tope la njia ya Mudzipela, na nusu ya jino ikabaki huko kwenye tope. Kesho yake niliketi mbele ya mikro kama kawaida. Kila "f" ikatoka na upepo. Familia ikawa filimbi. Msikilizaji mmoja alipiga simu kuuliza nani huyo anayempigia marehemu wao miluzi. Mkurugenzi wetu ni mtu mwema. Aliniambia nipumzike mpaka sauti irudi, lakini siku hiyohiyo kiti changu kilikaliwa na mwingine, na mimi nilikuwa na watoto wawili na sikujua kazi nyingine yoyote.

Walioniona wote walisema neno moja: ng'oa. Hapa kwetu jino likiuma linang'olewa, likitoboka linang'olewa, likivunjika linang'olewa, na mwenye jino anajifunza kucheka huku ameweka mkono mbele. Fundi alikuwa adui wa desturi hiyo. Alinishika kidevu, akagonga kisiki changu kwa kijiti cha chuma.

"Unasikia?"

Nilisikia mpaka kwenye kisigino.

"Basi iko inapumua. Mutu hapana kuzika mwenye kupumua."

Alifanya kazi kwa siku kadhaa. Umeme ukiwapo alitumia mashine yake ya umeme. Ukikatika, na hapa hukatika, alivuta mashine ya zamani ya wamisionari, ya kukanyaga kwa mguu kama cherehani, akaendelea bila kunyanyua kichwa. Nilipenda ule mguu. Ulikuwa na mwendo wake, haukimbii, hausimami, hata ukiwa umeogopa unajikuta unapumua pamoja nao. Alinijaza mdomo uji mzito wa rangi ya waridi, akangoja ugande, akautoa na umbo la meno yangu yote. Ndani yake akamwaga plasta. Baada ya muda nilikuwa nautazama mdomo wangu mwenyewe juu ya meza, mweupe, na kisiki chake mbele.

Rangi hakuichagulia ndani. Alisema taa hudanganya. Alikuwa na meno ya mfano yaliyopangwa kwenye kijiti, kutoka jeupe la maziwa hadi la manjano kabisa, naye alimtoa mteja nje, kando ya barabara, akayaweka moja moja karibu na meno yake mchana kweupe. Barabara nzima ilikuwa na haki ya kusema. Siku yangu walisimama watu wa pikipiki wawili na mama mmoja aliyebeba sombe, majani ya muhogo. Mimi nilitaka jeupe, nani asiyetaka. Yule mama wa sombe akakataa.

"Ile ni ya muzungu. Umuwekee yenye iko na chai kidogo."

Fundi alimsikiliza yeye, hakunisikiliza mimi. Nina jino lenye chai kidogo mpaka leo, na hakuna anayejua ni lipi.

Kofia ikikaa mahali pake, wengine wangekuuliza kama inabana, wakakuruhusu. Yeye alikutaka uhesabu kwa lugha ya mama yako. Mnande kwa Kinande, Mhema kwa Kihema, Mlendu kwa Kilendu, Mualuri kwa Kialuri, moja hadi kumi. Alisema kila lugha inagusa meno mahali pake, na kofia isiyojua lugha ya nyumbani kwako itakusumbua siku ya kwanza utakapogombana na ndugu zako. Hakuzijua lugha hizo zote, lakini alijua zinavyopita kwenye meno. Katika mji huu, ambako kuna miaka watu walichunguzwa lugha kwa sababu mbaya, nilijua mtu mmoja tu aliyeuliza lugha yako ili akutengenezee vizuri.

Mimi, kwa kuwa mkate wangu ulikuwa kwenye redio, aliniambia nisome. Nilikuwa na karatasi moja ya zamani kwenye mkoba, tangazo la kifo. Nikaketi wima nikasoma kwa sauti ya kazi: familia fulani inawatangazia ndugu, jamaa na marafiki. Fundi alifumba macho. Kabla sijafika mwisho mke wake aliingia kutoka uani, mikono kichwani, akilia kwamba yule mzee amekufa lini na sisi hatukuambiwa. Ilituchukua muda kumweleza kwamba mzee alikuwa amezikwa tangu kiangazi, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyepika chakula cha msiba. Fundi hakucheka. Alisema, "Muzuri. Kama mama amelia, f imerudi." Bado akaiondoa kofia, akaipunguza kidogo sana kwa chini, akanisomesha tena. Siku ya pili nilikuwa kwenye kiti changu.

Ile midomo ya plasta hakuitupa kamwe. Aliiandika majina kwa penseli na kuipanga kwenye rafu, wazima kwa wafu, nusu ya mji ikiwa imefungua vinywa ukutani. Mke wake alinisimulia kwamba katika miaka ya vita, mtaa ulipokimbia kuelekea Boga, kila mtu alibeba godoro, sufuria, mtoto. Mume wake alibeba gunia la midomo. Mke aligombana naye njia nzima. Kwenye kizuizi kimoja vijana wenye bunduki walifungua gunia wakitafuta mali, wakaona mataya, meno kwa meno, na majina ya watu. Walirudi nyuma wote kwa pamoja. Mmoja akamwambia kwa heshima kubwa, "Muzee, pita na bantu yako." Waliokuwa nyuma yake katika mstari wakapita wote kama watu wake, hata asiowajua.

Nilimuuliza siku moja ni kweli. Hakukataa, ila aliona tunakosa maana ya hadithi. "Nyumba mutu anajengaka ingine," alisema. "Lakini kofia ikimuanguka huko kambini, nitamutengenezea na kipimo gani?"

Alikuwa mkali, lazima niseme. Upole wake wote ulikuwa kwenye vidole, kwenye ulimi haukubaki hata kidogo. Ukitoka kwake unatoka na amri. Piga mswaki pale kofia inapokutana na fizi, polepole, kama unayepangusa mtoto macho. Pitisha uzi kati ya meno kila jioni, hata uzi wa cherehani, lakini uvute kwa upande, usiunyanyue. Usitafune muwa upande huo, usivunje mfupa, usikate uzi kwa meno kama mshonaji mvivu. Na rudi kila baada ya miezi sita hata kama huumwi. Hasa kama huumwi. Alikuwa na msemo wake, akiurudia mpaka wateja wanaumalizia wenyewe:

"Kofia haiozake. Kichwa njo inaozaka."

Kichwa ni kile kisiki cha chini, na watu walidhani kwamba wakishavaa kofia wamemaliza habari ya jino. Mama mmoja wa vinywaji pale sokoni alirudi kofia ikiwa imepasuka katikati. Alikuwa akifungulia wateja wake chupa za Fanta kwa jino hilo, akisema kwa kuwa ni la kutengenezwa, haliumi, basi ndilo la kazi, ayapumzishe yale ya Mungu. Fundi alimtengenezea nyingine. Kisha akatoka naye, akamnunulia kifungua chupa, akakifunga kwa kamba kwenye meza yake ya biashara kwa mkono wake mwenyewe. Matusi aliyomtukana siku hiyo sokoni wanayakumbuka bado.

Wachimba dhahabu nao walimjia, dhahabu imefungwa kwenye karatasi ya nailoni, wakitaka awavishe meno mazima. Kijana mmoja alimweleza kwamba mwizi hunyang'anya mfuko, hanyang'anyi mdomo. Fundi alimpa kioo, akamwambia ajitazame vizuri meno yake thelathini na mawili. "Weye Mungu amekupa bila kazi, unataka miye niharibu juu ya kuficha kitu? Nenda. Ukivunjika, rudi." Kijana akaenda kuvishwa na mwingine. Fundi alihuzunika wiki nzima kama aliyempoteza jirani.

Na huyohuyo Fundi, mdomo wake mwenyewe ulikuwa aibu. Alikosa magego matatu. Chai yake ilikuwa sukari kwanza, chai baadaye. Nilimfumania mchana mmoja nyuma ya nyumba akitafuna muwa, na ganda analichubua kwa yale meno aliyobakiza, kama ng'ombe wa Irumu aliyevunja ua wa shamba. Mganga hajigangi, tunasema, lakini kwake kulikuwa na zaidi ya hapo: aliogopa. Mke wake aliniambia kwamba mtu akimkaribia na sindano anakumbuka ghafla kwamba ana safari. Nilimuuliza kwa nini hajitafutii mtu wa kumwekea kofia. Alitazama mikono yake.

"Nani? Ule ya mashine?"

Ule ya mashine alikuwa dokta wa meno, mwanamke kijana, mwenye chumba safi kule kwenye bulevadi, barabara kubwa ya katikati ya mji. Alikuwa amefanya mazoezi ya kazi kwa Fundi karibu mwaka mzima, na yeye ndiye aliyekuja kuwa na kamera ndogo ya kuingiza mdomoni, mteja akaliona jino lake kwenye skrini, kubwa kama nyumba. Fundi hakulitaja jina lake tena. "Mutoto anaangalia televizyo," alisema, "jino iko hapa, yeye anaangalia kule." Lakini mteja yeyote aliyepitia kule kwanza, Fundi alimfungua mdomo kwa haraka kuliko wengine, akatazama kazi ya yule binti kwa muda mrefu, na sikuwahi kumsikia akiilaumu.

Sasa nije kwenye kosa langu, maana bila hilo kisa hiki hakina mkia.

Kofia yangu ilitoka mwaka juzi, nikila muhogo, saa moja kabla ya matangazo. Ilinitoka nzima, safi, ikakaa kwenye kiganja. Nyumba ya Fundi ilikuwa mbali kwa muda niliokuwa nao. Penye lango la redio yetu hukaa mshona viatu. Hapa watu wengi wamefanya hivyo, na kila mmoja anadhani ni siri yake: nilimpa kofia, akaitia tone la gundi ya soli, nikaibandika mwenyewe nikiwa nimejitazama kwenye kioo cha pikipiki. Ilishika. Nilisoma matangazo yote bila upepo hata mmoja, na nilitoka pale nikijiona mjanja.

Nilijua ningetakiwa kwenda kwake kesho. Kesho ikawa wiki. Wiki ikawa aibu, na aibu ikishaingia hukuongoza njia: nilianza kupita barabara ya nyuma nisimkute, na nikimkuta nilimwamkia midomo imefungwa, kama mtu mwenye majivuno. Gundi ile ilishika kofia lakini haikuziba, na chini yake jino likaanza kuoza gizani. Kwanza harufu. Kisha uvimbe mdogo kwenye fizi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, mimi niliuziba ufa kwa kitu cha kiatu.

Miezi hiyohiyo, naye alikuwa akificha chake. Mke wake alianza kumjazia kikombe nusu. Mteja mmoja alionekana na mkato mdomoni, akasema amejikata akinyoa, na sote tulijua alikuwa na ndevu. Wateja walipungua kwa adabu kubwa. Hakuna aliyesema anakwenda bulevadi. Walisema wanasafiri, wana mzigo Mahagi, watarudi. Mahagi ilijaa watu wa Bunia mwaka ule, kwa maneno, na jioni unawakuta sokoni wananunua mkaa. Naye Fundi akaketi mlangoni mwake na koti jeupe limepigwa pasi, akiwasalimia wasafiri hao wakipita.

Mke wake alinijia nyumbani asubuhi moja. Hakuketi.

"Mama Radio, weye umezoea kutangazia bantu mambo ya nguvu. Umutangazie na hii."

Nilimwambia awe na subira, nitatafuta siku. Kutangaza kifo cha mtu usiyemwona ni rahisi, unasoma karatasi na kuzima mikro. Huyu alikuwa mtu aliyenirudishia kiti changu, na mimi ningemwambia nini: Papa, ondoka kwenye chako? Nilikuwa nimemkosea pia, jino lilikuwa linanuka, sikuwa na uso. Nikanyamaza mpaka maumivu yakanikatalia kusoma, na hapo sikuwa na njia ila kwenda kwake. Ningeweza kwenda bulevadi moja kwa moja. Wengi wananiuliza kwa nini sikwenda. Niliona nikifanya hivyo nitakuwa nimemzika akiwa anapumua.

Alifurahi. Hilo ndilo lililoniumiza. Alipangusa kiti kilichokuwa safi, akanifungua mdomo, akagusa kofia kwa kidole kimoja tu, ikatoka. Aliinusa.

"Gundi ya kiatu."

Nilitingisha kichwa kukubali. Alinitukana, na nilistahili kila neno. Msemo wake wa kofia na kichwa aliurudia mara mbili, na mara zote mbili aliniachia mwisho niumalizie mimi, mdomo wazi, mate yakinitoka. Kisha akanigeuza uso kuelekea dirishani, akatazama ndani.

"Mzizi imebakia nyembamba. Lazima niingie ndani nitoe uchafu, niweke musumari kidogo ya kushikilia kofia. Iko mara moja tu. Ikipasuka, tunang'oa, na weye utarudia kupiga filimbi."

Alinawa mikono. Alivaa miwani. Umeme ulikuwa umekatika, akavuta mashine ya mguu, na mguu ukaanza mwendo wake uleule, haukimbii, hausimami. Mguu wa Fundi ulikuwa bado mzima kabisa. Nikautazama huo mguu nikajidanganya kwa muda. Kisha mkono ukaja. Ncha ya sindano ya mashine ilikuwa inaandika hewani mbele ya pua yangu, mistari midogo midogo, naye alikuwa ameuma midomo, anaingoja itulie. Haikutulia. Akashika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Yote miwili ikatetemeka.

Mimi ninayelipwa kwa kusema nilikuwa mdomo wazi, nimejaa pamba, siwezi kusema. Nikainua mikono yangu nikamshika kiganja. Kilitetemeka ndani ya mikono yangu kama kifaranga ukikishika. Nikatema pamba.

"Papa," nikasema, "mukono."

Mguu ulisimama. Gurudumu liliendelea kuzunguka peke yake, likapunguza, likanyamaza. Huko uani mke wake alikuwa akitwanga, naye akaacha.

"Tangu wakati gani umeona?"

"Tangu mwaka ile ingine, Papa."

"Na umekuja kukaa hapa, na mzizi ya namna hii?"

"Nimekuja."

"Juu ya nini?"

Nilikuwa nalia, sioni haya kusema. "Juu sikuweza kukuambia kwa simu. Na sikutaka kukuambia nikiwa nimeisha kwenda kwingine."

Aliweka chombo mezani, na hata kukiweka kulipiga kelele. Alivua miwani. Nilidhani atanifukuza. Alitazama barabarani, ambako watu walipita wakimpungia mkono.

"Miye nimeona mbele yenu yote," alisema. "Mutu anajua mukono yake. Nilikuwa naogopa siku ya kwanza nitamuambia mutu, kesho yake sitakuwa tena kitu. Ni papa tu mwenye kukaa mulangoni." Akanigeukia. "Lakini nilikuwa naweza kuharibu ile jino yako leo. Nilikuwa naweza kuiharibu."

Mke wake alikuwa amefika mlangoni, mchi bado mkononi. Fundi alimwambia alete maji ya uvuguvugu na chumvi, nisukutue. Alichovya dawa nyeupe laini akaziba tundu langu, kwa kidole, si kwa chombo. Kazi ya kidole bado aliiweza. Akaniambia nisile kitu kigumu, niwe tayari asubuhi. Sikuuliza tayari kwa nini.

Asubuhi alikuwa langoni kwangu amevaa koti lake la kanisani, na kikapu mkononi: chupa ya uji, kikombe, taulo. Tulipanda pikipiki mbili, yake ikitangulia, na alimwelekeza dereva kwenye bulevadi bila kugeuka kunitazama. Njia nzima nilikuwa natazama mgongo wa lile koti.

Kwenye mapokezi ya yule dokta kijana kulikuwa na msichana mwenye daftari, mgeni hapa mjini, asiyemjua Fundi. Aliniandika, kisha akamgeukia yeye.

"Na weye, Papa, iko nani yake?"

Hapa kwetu mgonjwa haendi kutibiwa peke yake. Anakwenda na mtu wa kumlinda, wa kumshikia vitu, kumpa maji, kumngojea hata siku tatu akilala chini. Tunamwita garde-malade. Mara nyingi ni mama, au dada, au mtoto wa ndugu. Fundi aliweka kikapu chake chini ya benchi.

"Garde-malade," akasema.

Mlango wa ndani ulifunguka. Yule dokta alitoka kumwita mgonjwa wa kwanza, akamwona, akavua glavu zake zote mbili, akaja akamwamkia kwa mikono miwili, magoti yakiinama kidogo. Fundi alimtazama mdomoni kwanza, kama kawaida yake. Kisha akamwambia, taratibu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia akimtumia mtu:

"Mzizi yake inalala kidogo upande ya kushoto. Macho haitaona, ukiingia utasikia. Usiharakishe."

"Ndiyo, Papa." Dokta alikuwa ameshika bado mikono yake, na najua aliisikia inavyotetemeka, kwa maana aliibana. "Ingia na siye basi. Utaniongoza."

Fundi alitoa mikono yake polepole, akaketi kwenye benchi, akanisukuma mgongoni niende.

"Hapana, Dokta," alisema. "Garde-malade anabakiaka inje."